Sekunde Kumi na Moja

Picha ilikuwa safi mno hata vumbi la chaki lilionekana likidondoka. Mwalimu wa hesabu aliinua mkono, akachora mstari ubaoni, na punje za unga mweupe zikashuka taratibu, zikatua kwenye mkono wa shati lake la buluu. Yote hayo niliyaona nikiwa chumba cha pili, kwenye kioo cha kompyuta iliyotupwa na ofisi fulani kwa kuwa eti imezeeka. Nikajipigapiga kifua. Mimi na wewe, niliiambia ile kompyuta, tumewaonyesha.

Nimefanya kazi nyingi na karibu zote nimeziacha njiani. Nimevuta waya za simu porini, nimetengeneza redio sokoni, nimelala na jenereta za watu kama mlinzi na mkewe. Popote nilipokuwa, mkoba wangu wa turubai ulikaa karibu na mlango. Ila hii ya shule tatu ilinikaa rohoni tangu siku ya kwanza.

Shule zenyewe ziko kwenye mlima mmoja. Shule ya Chini ndiyo kubwa, na ndiyo yenye mwalimu wa hesabu. Shule ya Kati ina kijana wake anayejitahidi. Shule ya Juu iko huko ambako barabara inageuka kuwa njia ya mbuzi, na mwalimu wa hesabu hakai: akipangiwa leo, mwezi ujao kiuno kinamuuma na barua ya uhamisho iko mezani. Mwalimu mkuu wa Juu ni mdogo wangu, mtoto wa mama yangu. Ndiye aliyenipigia simu.

"Kaka, huko uliko wanakuhitaji sana?"

"Wananivumilia tu."

"Basi njoo uvumiliwe na ndugu zako."

Alichotaka kilikuwa rahisi kukisema: somo lifundishwe Chini, lionekane Juu. Watu wenye suti walikuwa wamekwisha kumpa karatasi ya bei ya intaneti, akairudisha bila kusoma ukurasa wa pili. Mimi nilimwuliza, intaneti ya nini? Somo linatoka chini ya mlima linakwenda juu ya mlima, lina haja gani ya kuizunguka dunia kwanza? Nikapandisha antena kwenye mnara wa tangi la maji pale Chini, nyingine Kati, na kule Juu nikasimamisha mlingoti wa mita kumi na mbili, nikaukaza kwa waya pande zote. Simu iliyopasuka kioo lakini jicho zima ikawa kamera. Spika nilizing'oa kwenye gari lililokuwa limegeuka banda la kuku, na projekta kuukuu ikawekwa Juu imulike picha ukutani. Kipaza sauti cha ukumbini kikapelekwa Juu ili wanafunzi waweze kujibu, na sauti yao ishuke mpaka kwa mwalimu. Mtandao wetu wenyewe, wa kuanzia hapa kuishia pale, usiomwomba mtu ruhusa.

Tatizo lilikuwa upepo. Mlingoti wa Juu ukitikiswa, mawasiliano yanakatika kidogo, yanarudi, yanakatika. Kwa hiyo niliielekeza kompyuta ya kule Juu iwe inajiwekea akiba: ishike sekunde kumi na moja za picha kabla ya kuanza kuonyesha, ili upepo ukikata, ichote akibani, kama mama anayejaza ndoo ndani ili bomba likikauka watoto wasijue. Nilijaribu sekunde tatu, wa Juu wakaniambia kwa simu picha imeganda. Tano, ikaganda mara moja. Kumi na moja, ikapita laini kama samli. Nikaandika kumi na moja, nikafunga.

Nina sababu ya kuogopa picha iliyoganda. Ujanani nilikuwa mwendeshaji wa sinema ya kuzungushwa kwenye lori. Siku moja utepe ulinasa mbele ya taa. Shavu la mwigizaji, kubwa kama mlango, likatoka doa la kahawia, doa likawa tundu, tundu likala uso wote mbele ya umati. Viatu vilivyorushwa siku ile vingetosha kufungulia duka. Nilikimbia na mguu mmoja peku, na tangu hapo kwangu mimi picha inayosimama ni aibu.

Basi wiki tatu nilikaa chumba cha pili nikiitazama picha yangu isiyosimama. Nilipiga simu Juu: "Picha vipi?" Wakajibu: "Safi, babu!" Nikapiga Kati: "Vipi?" "Safi sana!" Nikaanza kuulizia habari za lori la kwenda kwenye bwawa linalojengwa huko mbali, ambako nilisikia wanatafuta mtu wa waya. Lilikuwa linaondoka Alhamisi, saa mbili asubuhi. Mimi huwa naondoka kabla ya hotuba.

Jumatatu mdogo wangu aliteremka kwa miguu mpaka Chini. Aliingia chumbani kwangu bila kubisha, akaweka bahasha juu ya kompyuta.

"Soma."

Ilikuwa nakala ya barua ya mwalimu wa hesabu kwa ofisi ya elimu. Wanafunzi wanamwita Radi, na si kwa matusi; anafundisha kwa kasi, anauliza kwa kasi, na kila anayepita kwake anafaulu. Aliandika kwa heshima kwamba kidato cha nne cha Shule ya Juu hakina uwezo wa kufuatilia. Kwamba anapowauliza hawajibu, na wakijibu wanajibu mambo mengine kabisa. Alipendekeza majina yao yaondolewe kwenye mtihani wa hesabu. Mkaguzi angekuja Alhamisi kushuhudia kipindi na kuamua.

"Thelathini na mmoja, kaka," alisema. "Bila hesabu, uuguzi hawaendi, ualimu hawaendi. Hata ufundi kama wako hawaendi."

"Mimi ufundi wangu sikuulizwa hesabu."

"Wewe ulikuwa unaulizwa tu kama una miguu ya kukimbilia."

Nikacheka peke yangu. Yeye hakucheka.

"Nikiwauliza mimi wanajibu," alisema. "Sijui hesabu za kufundisha mtihani, lakini naona vichwa vinafanya kazi. Wakiulizwa na ukuta wako wanakuwa mabubu. Umewahi kukaa mbele ya huo ukuta?"

Sikuwa nimewahi. Tangu nisimamishe mlingoti sikuwa nimepanda tena. Kuna nini cha kupanda, na picha ni safi?

Kesho yake asubuhi nilipanda. Mkoba niliubeba, kwa mazoea tu. Darasa liliposimama na kuniamkia kwa sauti moja, niliitikia marahaba nikawaambia wakae, nami nikajikunja kwenye dawati la nyuma kabisa, magoti yakagusa kidevu. Mbele, kwenye shuka jeupe lililokazwa kwa misumari minane, Mwalimu Radi aling'aa. Karibu na kipaza sauti alikaa kiranja wa darasa, binti aliyechomeka penseli kwenye nywele, kidole kiko tayari kwenye kitufe.

"Mlingoti una urefu wa mita kumi na mbili," alisema Radi kutoka ukutani. "Waya umefungwa kileleni, ukashushwa mpaka ardhini, mita tano kutoka kitakoni. Waya una urefu gani? Juu!"

Nilitabasamu. Huo mlingoti nilikuwa naujua. Ulikuwa nje ya dirisha. "Kumi na tatu," nilinong'ona, "na mmoja wa kufungia." Kiranja aliandika tarakimu mbili tatu, akabonyeza, akasema kwa sauti iliyo wazi, "Kumi na tatu."

Sekunde hiyohiyo ukuta ukasema, "Juu? Kimya kama kawaida. Haya, Chini."

Mtoto mmoja wa Chini akajibu kumi na tatu. "Vizuri sana," alisema Radi. "Sasa, hii pembe ya kitakoni, ni digrii ngapi?"

Kiranja alikuwa hajainua hata penseli. Ghafla kwenye spika vikalipuka kicheko na makofi ya madawati, na sauti ya Radi ikapanda juu yake: "Digrii kumi na tatu? Jamani, huo si mlingoti, huo umelewa umelala! Juu, amkeni, magogo nyie!"

Hakuna aliyecheka mle ndani. Watoto thelathini na mmoja walitazama ukuta uliokuwa ukiwacheka kwa jibu sahihi. Niliona masikio ya kiranja yakiwaka, lakini kidole hakikutoka kwenye kitufe.

Nikatoa simu, nikampigia karani wa Chini. "Mama, nifanyie hisani. Peleka simu yako kwenye dirisha la Mwalimu Radi, uiache hapo." Nikabana simu kwenye sikio la kushoto. Sikio la kushoto Radi aliagana na darasa, viti vikaburuzwa, kengele ikagonga. Sikio la kulia, ukutani, Radi alikuwa bado anachora pembe. Nikaanza kukunja vidole. Mikono miwili ikaisha. Nikakunja kidole kimoja tena, na ukuta ukagonga kengele.

Kumi na moja. Namba ile niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nikafurahi.

Kule chumba cha pili, kioo changu kilikuwa kimeunganishwa na kamera moja kwa moja. Mimi sikuwahi kuchelewa. Kati hawakuulizwa maswali, wao walitazama tu. Waliochelewa kujibu walikuwa hawa peke yao, na hakuna aliyewaambia.

"Siku zote ni hivi?" nilimwuliza kiranja.

"Ndiyo, babu." Alichomoa penseli, akaichomeka tena. "Mwalimu ana haraka. Tumeshazoea."

Laiti angelia, ningepata la kusema. Baba yetu alikuwa mtu wa kambi za barabara. Barabara ikisogea, kambi inasogea, na mimi nasogezwa nayo. Darasa la kwanza nilisoma huku, la tatu kule, la pili sijui lilipita wapi. Kila darasa niliingia somo likiwa limekwisha pita, mwalimu ananiuliza, nami najibu cha darasa nililotoka. Wakacheka. Nami nilizoea. Mdogo wangu alizaliwa barabara ikiwa imekwisha, akasoma mahali pamoja, hakujua hayo. Sikuwahi kumwambia.

Nilishuka mlima kwa kasi ambayo magoti yangu yalikuwa yameisahau. Radi nilimkuta ofisini, anasahihisha.

"Mwalimu, ukiuliza swali, unangoja kiasi gani?"

"Sekunde tatu," alisema bila kuinua uso. "Anayejua anajua, fundi."

"Watoto wa Juu wanalisikia swali lako sekunde kumi na moja baada ya wewe kulitoa."

Kalamu ilisimama.

"Kumi na tatu ya leo," niliendelea, "ilikuwa jibu la waya. Walijibu haraka kuliko Chini. Ni mtambo uliowachelewesha, na mtambo ni wangu."

"Uliniambia umekamilika."

"Nilisema hivyo."

Alinyanyuka, akaenda kwenye ubao mdogo wa ofisini, akaanza kuufuta. Ulikuwa hauna maandishi. Aliufuta wote, pembe hadi pembe.

"Wiki tatu," alisema akinipa mgongo. "Wiki tatu nawaita magogo."

"Nami wiki tatu najiita fundi."

Aligeuka, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni kijana tu, mwenye mvi mbili. "Barua imekwisha kufika," alisema. "Mkaguzi haamini maneno. Anaamini anachokiona."

"Basi ataona. Ila picha itakuwa mbaya, mwalimu. Nakwambia mapema usije ukanilaumu. Itaganda."

"Itaganda vipi?"

"Utaonekana umetoa ulimi, umeng'ang'ania hewa, kama mtu anayekimbizwa na nyuki."

Alifikiri. Ni mtu anayependa shati lake lipigwe pasi. "Sauti je?"

"Sauti itafika. Hiyo nakuapia."

Jumatano nzima niliibomoa kazi niliyojivunia. Niliipunguza picha ikawa nusu, nikaitoa rangi, nikaikondesha hadi ikawa ya kuona ubao na kivuli cha mtu. Sauti niliitengea njia yake, nikaiambia kompyuta: upepo ukija, mwache huyu apite kwanza, yule mwingine atafuata akiweza. Akiba niliifuta kabisa. Kila nilipojaribu, kwenye kioo changu nilichokiunganisha sasa na picha inayofika Juu, Radi alitetemeka kama aliyechorwa kwenye maji, akasimama, akaruka. Mara tatu mkono wangu ulikwenda wenyewe kurudisha akiba, mara tatu nikaukalia. Kazi mbaya ni ngumu kuliko kazi nzuri, ukiwa unaifanya kwa makusudi. Jioni nilipiga simu Juu, sikuuliza habari ya picha. Nilisema tu, "Nikisema moja, na wewe sema moja." Kiranja akasema moja kabla sijafunga mdomo.

Alhamisi saa mbili lori la bwawa lilipiga honi barabarani. Nililisikia nikiwa nusu ya mlima, mkoba begani. Lilipiga tena, refu, kama mtu anayeita jina. Nikaendelea kupanda.

"Mkoba wa nini?" aliuliza mdogo wangu mlangoni.

"Una koleo."

"Una na shati."

"Koleo nalo linataka nguo," nilisema, nikampita.

Mkaguzi alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba, faili ameibana kwapani. Alikaa kiti cha mbele, pembeni. Mimi nikarudi kwenye dawati langu la nyuma, mkoba katikati ya miguu. Upepo ulikuwa umeamka kabla yetu. Nje waya za mlingoti zilikuwa zikiimba.

Kipindi kilianza. Picha ilikuwa mbaya kuliko nilivyoahidi. Mkaguzi alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akagundua kosa si la miwani. Radi alisoma swali la ngazi iliyoegemezwa ukutani, na katikati ya swali upepo ukavuma.

Picha ikaganda. Mdomo wazi, mkono mmoja hewani, jicho moja limefumba. Jasho likanitoka. Nilishika ukingo wa dawati nikisubiri viatu.

Hakuna aliyeinua kichwa. Sauti ya Radi ilikuwa inaendelea, nzima, haina mkwaruzo, na watoto thelathini na mmoja walikuwa wameinamia madaftari wakiandika anachosema. Ukuta ulikuwa na mtu aliyekamatwa na nyuki, na hawakuwa na haja naye.

"...ngazi inafika juu kiasi gani? Juu!"

Penseli zikakwaruza. Kitufe kikalia.

"Mita nane, mwalimu."

Spikani rula za Chini zilisikika zikigonga madawati. Chini walikuwa hawajamaliza kuchora.

"Sahihi," ilisema sauti ya Radi. "Nani huyo?"

"Kiranja wa Juu, mwalimu."

"Kiranja wa Juu." Akakohoa. "Niwie radhi kwa kukuchelewesha."

Binti aliangalia kile kitufe, kana kwamba kimemwuma. Halafu akakibonyeza. "Bila samahani, mwalimu. Endelea." Darasa zima likacheka, na kutoka Chini kicheko kikaitikia palepale, vikachanganyika usijue kipi cha nani.

Maswali yakaja moja baada ya jingine. Picha iliamka, ikalala, ikaamka. Wengine wakajibu, mmoja akakosea, akakosolewa papo hapo, akajirekebisha. Mkaguzi aliandika, akaacha kuandika, akawa anasikiliza tu, kichwa ameinamisha upande. Kilipobaki kama robo saa alinyanyuka taratibu, akaja nyuma kwangu.

"Mzee, picha yenu mbaya sana."

"Mbaya sana, mama."

"Usije ukaigusa."

Alifungua faili. Barua aliikunja mara mbili akaitia mkobani mwake. Orodha ya majina ya watakaofanya mtihani wa hesabu aliiweka juu ya dawati langu, akaitia sahihi hapohapo, kwa kuwa hapakuwa na meza nyingine karibu. Mdogo wangu alisimama mlangoni, mikono kifuani, akitazama kalamu inavyokwenda. Halafu alinitazama mimi. Alikuja, akaushika mkoba kwa mpini, akautoa katikati ya miguu yangu na kuusukuma mpaka ukutani, mahali ambapo watoto huweka mikoba yao.

"Juu," ilisema sauti kutoka ukutani. Asubuhi ile nilikuwa nimesimamisha simu yangu mbele ya darasa, Radi naye akawa analiona kwenye kioo chake, dogo kama stempu. "Kuna mwanafunzi hapo nyuma kabisa, mwenye mvi. Simjui."

Vichwa thelathini na kimoja viligeuka.

"Ni babu, mwalimu," alisema kiranja.

"Babu amesoma swali la Jumanne? La mlingoti?"

Kiranja aliniletea kipaza sauti mpaka dawatini, waya ukaburuzika sakafuni. Nikabonyeza. "Kumi na tatu," nilisema. "Na mmoja wa kufungia."

"Kumi na tatu nimekubali. Wa kufungia ni wako. Sasa nieleze: kwa nini kumi na tatu?"

Nimekata waya kama hizo kwa miaka arobaini. Kumi na mbili na tano, unakata kumi na tatu, mikono inajua. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini. Nilitazama ukutani. Radi alikuwa amesimama, chaki mkononi, uso umegeukia kwangu. Nilihesabu moyoni. Moja. Mbili. Tatu. Hakusogea. Nne. Tano. Nje waya zilikuwa zinaimba, na sikuweza kujua kama ananingoja au ameganda.

Kisha spikani nikamsikia anapumua.